Re: Mdogo wangu ataishi vizuri tena baada ya saratani ya ngozi?
Dada, poleni sana. Umeuliza kama kijana mwenye ualbino aliyekatwa uvimbe wa saratani sikioni anaweza kuishi vizuri tena. Anaweza, hasa kama ulitolewa wote mapema na anahudhuria kliniki bila kuruka, maana kwa ngozi yake vidonda vipya vinaweza kutokea sehemu nyingine.

Ila kwa ulivyoeleza, kinachomfungia ndani sasa si maumivu, ni macho ya watu. Msimwambie tu "jikaze". Mkutanisheni na wenzake waliopitia hayohayo. Ulizieni Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania (TAS) hapo mkoani kwenu.

Na kazi! Kijana asiyeingiza chochote hujiona mzigo. Kama alikuwa anauza nguo juani, mtafutieni meza kivulini, au atoke asubuhi na mapema na jioni. Kwangu hili linatangulia hata mafuta ya kukinga jua. Mafuta nayo asiyaache: yapo ya Kilisun, hutengenezwa Moshi na hugawiwa bure kwa wenye ualbino. Kofia iwe pana, ifunike masikio na shingo. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi kionwe na daktari, msikipake dawa za mtaani.