Msiandike tena "mgonjwa hatoi ushirikiano"

Wadogo zangu mlioanza zamu mwezi huu kwenye kitengo chetu cha picha, jana jioni nilifungua daftari la MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kupanga foleni ya wiki ijayo, nikakuta mstari umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mgonjwa hatoi ushirikiano. Kipimo kimesitishwa." Mzee wa miaka 71, kipimo cha kiuno. Nikamuuliza aliyeandika, mzee alifanya nini? "Aliminya kengele dakika ya tatu akasema anataka kutoka." Ulimwambia nini kabla hujamwingiza? "Nilimwambia alale, asitikisike."

Ndiyo maana naandika. Sentensi hiyo naijua, kwa sababu niliwahi kuiandika mwenyewe, na nitaifikia.

1. Tuanze na huyo mzee. Ninyi MRI mmeizoea, mnakula karanga mbele ya kioo huku inagonga. Yeye kasimuliwa na jirani kwamba unaingizwa kwenye kaburi lenye taa. Mwambieni kwa lugha yake: itagonga kama mafundi bati wako kichwani mwako, itanyamaza, itaanza tena, na ikinyamaza haijaharibika. Utakaa kama nusu saa. Hakuna kitakachokuchoma wala kukuuma. Hivi viziba masikio ni vyako. Nakuona, nakusikia, na kila picha ikiisha nitakusemesha. Halafu mpeni ile kengele aiminye akiwa bado nje, asikie inavyolia, aone mnavyogeuka kumtazama. Kitendo hicho kimoja kimeniokolea vipimo vingi kuliko dawa ya usingizi.

Suala la chuma mmefundishwa: nguvu ya sumaku ya mashine, Tesla 1.5, ni kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia, na sumaku hailali, hata umeme wa taa ukizimwa. Januari 2018 kule Mumbai, ndugu aliyemsindikiza mgonjwa aliingia na mtungi wa oksijeni, akavutwa pamoja nao, akafa. Kwa hiyo pekueni kila mtu, na msiishie kwenye funguo na simu. Ulizeni pini za hijabu, vibanio vya wigi, na hirizi. Ndiyo, hirizi. Mtu hawezi kukutajia hirizi mbele ya shemeji yake. Mpelekeni pembeni, mwulize kwa sauti ya chini, na akiivua mpe bahasha aifunge kwa mkono wake na aikabidhi kwa anayemwamini. Niliwahi kumwona mwenzetu akiinyanyua kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Mgonjwa yule alilala kwenye kitanda chetu akiwa anatetemeka, na picha zote zilitoka na ukungu.

2. Ultrasaundi. Nyonga, mkojo ujae. Ini na nyongo, asile saa sita hadi nane. Waambieni siku wanapopanga miadi, si wakishafika, maana mama aliyebana mkojo tangu saa mbili hadi saa tano akienda chooni huwezi kumlaumu. Jeli ni ya baridi, mtahadharishe kabla hujaimwaga tumboni. Na kila mjamzito anataka kujua kama mtoto anapigwa mionzi: mwambieni ni sauti tu, haina mionzi kabisa, hata kama hajauliza.

3. Eksirei ya kifua. Cheni, sidiria, vifungo, hayo mnayajua. Mnachosahau ni nywele. Suka zikiangukia mabegani zinatoa vivuli kwenye ncha za mapafu, na daktari anaanza kuwaza kifua kikuu. Zikunjeni juu. Pia mfanyisheni mazoezi ya "vuta pumzi, bana" mara moja kabla hamjaenda nyuma ya kioo chenye madini ya risasi kinachozuia mionzi. Wengine wakisikia "bana" wanabana tumbo. Tarehe 8 Novemba huwa tunakata keki kumkumbuka Röntgen, aliyegundua eksirei, lakini mimi huwa namkumbuka mkewe, Anna Bertha, aliyeweka mkono juu ya bamba Desemba 1895 akakaa kama dakika 15 bila kuutikisa. Siku hizi mashine inahitaji sehemu ndogo ya sekunde. Dakika zilizobaki ni za kuongea.

4. CT, ile eksirei inayomzunguka mgonjwa. Hapa nitakaa.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, uvimbe kwenye ini, CT ya tumbo na kontrasti, ile dawa inayosukumwa mshipani ili picha ionyeshe vizuri. Yeye na mwanawe walikuwa wamepanda basi saa tisa usiku. Alikuwa wa saba kwenye foleni, ilikuwa inakaribia saa nane mchana, na mimi sikuwa nimekula. Nilimwuliza kila kilichoandikwa kwenye fomu: mzio, pumu, sukari, presha. Nikaangalia kreatinini, kipimo cha figo, iko sawa. Nikamwekea kanula ya kijani, ile sindano ya kubaki mshipani, kwenye kiwiko, nikajaribu na maji ya chumvi, mshipa mzuri. Kwa karatasi nilikuwa sijakosea chochote. Nikamwambia, "Mama, usitikisike," nikafunga mlango.

Mnajua kontrasti inavyokuja. Kwenye injekta, mashine inayosukuma dawa, niliweka mililita 3 kwa sekunde. Kwanza koo linapata joto, joto linashuka kifuani, halafu linakaa chini kabisa, na mtu anahisi amejikojolea. Tunalijua hilo sote. Kwenye fomu halikuwa na mstari wake, na mimi sikulisema.

Kupitia kioo nilimwona anakunja mkono uleule wa kanula, anavuta kanga, anajaribu kukaa. Nilibonyeza kusitisha, lakini injekta ilikuwa imeshasukuma. Nilipofika dawa imevuja nje ya mshipa, kiwiko kimevimba kama yai la bata, ngozi imekaza inang'aa. Nikauinua mkono wake, nikaita kitambaa cha baridi, nikaita daktari. Yeye mkono hakuutazama. Kwa kiganja cha mkono mwingine alikuwa anapapasa shuka chini yake, polepole, huku na huku, akaniambia, "Mwanangu, nisamehe, nimekuchafulia kitanda."

Shuka lilikuwa kavu.

Nilimwambia, "Mama, hujajikojolea, ni dawa." Akanitazama. "Kumbe ulijua?"

Sikuwa na la kumjibu, hadi leo sina. Daktari alimweka chini ya uangalizi hadi jioni: vidole vinacheza, mapigo ya kiganjani yapo, uvimbe unapungua. Mkono ulipona. Lakini picha hazikufaa kitu, na kurudia siku ileile haikuwezekana. Waliokuwa kwenye benchi walimwona akitoka mkono umefungwa na kuning'inizwa, na wawili wakakunja fomu zao wakaondoka. Nami nikaenda kwenye daftari nikaandika: "Mgonjwa hakutoa ushirikiano."

Niliandika hivyo kwa sababu mkuu wa kitengo alikuwa anapita kusoma. Mama aliyeamka saa tisa usiku, aliyejibu kila swali, aliyeomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, ndiye nikamwandika hivyo kwenye kumbukumbu za hospitali.

Nilipiga simu ya mwanawe siku tatu baadaye. Akasema mama hataki tena kusikia habari za mashine inayounguza mtu kwa ndani. Nilipiga tena wiki iliyofuata, nikaeleza kwa kirefu, kijana akasema atajaribu kumshawishi. Mara ya tatu namba ikawa haipatikani. Ule uvimbe wa ini sikuwahi kujua ulikuwa nini.

Sasa hivi kila anayepata kontrasti kwangu anaambiwa, ana kwa ana, kabla ya kanula: utasikia joto kooni, litashuka mpaka chini, utadhani umejikojolea, hujajikojolea, linaisha kabla ya dakika moja. Mdomoni utaonja ladha kama ya chuma. Ila ukisikia mkono unauma pale penye sindano, au pumzi inabana, au mwili unawasha, piga kelele hapohapo, nitasimamisha. Halafu nawaomba wanirudishie kwa maneno yao. Mabibi huwa wanacheka wakifika kwenye kujikojolea, na ndivyo ninavyojua wamesikia. Inachukua dakika moja na nusu, nimeipima kwa saa.

Na wenye sukari wanaotumia metformini, dawa ya kushusha sukari, figo zikiwa na shida: daktari ajue kabla, si baada.

5. Msiseme "ni picha tu". CT moja ya tumbo ina mionzi ya makumi hadi mamia ya eksirei za kifua. Fomu isiyoeleweka irudishwe kwa aliyeiandika, hata kama ni bingwa. Swali la hedhi ya mwisho liulizwe kila mwanamke wa umri wa kuzaa, na mtoeni nje anayemsindikiza. Binti wa miaka 17 mbele ya mama yake atawajibu kile mama anachotaka kusikia. Kwa mamografia waambieni kabla kwamba titi litabanwa na litauma kidogo kwa sekunde chache. Kwa HSG, eksirei ya mji wa mimba na mirija yake, waambieni tumbo litasokota kama siku za hedhi. Waliokunywa bariamu, ile dawa nyeupe ya kupigia picha tumbo, waambieni choo kitakuwa cheupe na wanywe maji mengi, wasije wakakimbilia hospitali usiku wakidhani wameoza ndani.

Yule mzee wa kiuno nimempigia simu leo asubuhi. Nimemwamkia, nimemwomba radhi kwa niaba yetu, akaniuliza swali moja tu: ile kengele kweli kuna mtu anayeisikiliza? Nimempangia Jumatatu saa mbili, wa kwanza, kabla foleni haijajaa. Uliyeandika kwa kalamu nyekundu, wewe ndiye utakayempokea mlangoni. Mimi nitakaa kwenye benchi la nyuma, sitasema neno. Njoo na jozi mbili za viziba masikio, moja yake na moja yako, uingie ulale kitandani dakika tatu kabla hajafika.