Maswali ya Wapenda Magari: Leaf ya Kibaha, Aqua ya Mwanza na Vumbi la Kedong

Kaka, naishi Kibaha, kazi yangu iko Posta, katikati ya Dar. Nimepata gari la umeme, Nissan Leaf ya 2012, kwa bei nzuri, vistari vya afya ya betri kwenye dashibodi vimebaki 9 kati ya 12. Niichukue niachane na foleni za sheli?

Usiichukue, mdogo wangu, labda kama kazini kwenu kuna soketi ya kuchajia mchana. Tupige hesabu. Leaf hiyo ilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 24, na vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117 kwa chaji moja. Kistari cha kwanza kikizimika, ujue kama asilimia 15 ya uwezo imeondoka, na kila kinachofuata kinaondoka na 6 hivi. Kwa vistari 9 umebakiwa na asilimia 72 au 73, sawa na kilomita 85 mambo yakienda vizuri. Kibaha hadi Posta na kurudi ni kama 80. Ukiwasha kiyoyozi kwenye foleni ya Kimara, jioni utafika Mbezi macho yako yote kwenye kipimo.

Kuna jambo la joto pia. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto la Pwani linaizeesha haraka. Kilichopungua hakirudi.

Kwa mtu wa Sinza au Magomeni anayeegesha ndani ya uzio na kuchaji usiku kwa umeme wa LUKU, gari hilo hilo ningemsihi alinunue. Halina oili ya injini ya kumwaga, halina plagi za injini, na linapoondoka kwenye taa utashangaa. Ila asiamini vistari peke yake. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vistari vinajaa vyote 12, halafu baada ya muda vinaporomoka. Achomeke kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, afungue programu ya LeafSpy kwenye simu, asome asilimia ya afya kwa macho yake kabla ya kutoa hata senti.

Toyota Aqua yangu, haibridi ya petroli na umeme, imewasha taa ya pembetatu nyekundu. Fundi anasema betri ya haibridi imekufa, ninunue nyingine nzima. Nimwamini? Niko Mwanza.

Kwanza mwombe akuonyeshe msimbo kwenye mashine. Ukisoma P0A82, lawama ni ya feni ya kupoza betri. Ukisoma P0A80, ndipo betri yenyewe inashukiwa. Fundi ambaye hajapima na tayari ametaja bei ya betri, chukua ufunguo wako uondoke.

Betri ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma na inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo hapo hapo kwenye siti. Mwaka jana nilifungua feni ya Aqua ya jirani yangu, gari ambalo kila siku linapita njia ya vumbi na watoto wawili nyuma. Mabawa ya feni yalikuwa yamefunikwa na nyuzi za mkeka, nywele na vumbi, vimeshikana kama sufi ya mto. Tulitumia brashi ya meno na pampu ya upepo, kazi ya saa moja, na mpaka leo taa haijarudi. Safisha tundu hilo kila unapofanya sevisi.

Kama ni betri kweli, ina vipande 20 vinavyofikisha volti 144 kwa jumla. Kubadilisha kimoja kibovu na kuacha 19 vilivyochoka kunakupa nafuu ya muda tu. Na kazi hiyo usijaribu mwenyewe. Nyaya za rangi ya chungwa zinaua.

Mbio za magari zikiwa za umeme, si mlio utakufa?

Mimi naupenda mlio, na ninaomba ubaki kwenye mbio. Magari ya daraja la juu ya WRC, yale mashindano ya dunia ya rali, yalifungwa mfumo wa haibridi 2022, ukaondolewa 2025. Umeme uwahi kwanza kwenye bodaboda na daladala, zinazotembea kutwa na kutuvutisha moshi.

Baba yangu anasema Safari Rally ya sasa ni ya watoto. Ni kweli?

Mzee ana haki ya kuikumbuka ile ya zamani. Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ilivuka kilomita 5,000 kwenye barabara zilizokuwa na magari ya kawaida na ng'ombe. Joginder Singh aliishinda 1965 kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Iliporudi WRC mwaka 2021, hatua za kasi, vile vipande vinavyopimwa muda, zilikuwa kama kilomita 320 tu kwa jumla.

Lakini mwambie hivi. Mwaka huo dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, akavunjikiwa sehemu ya springi na shokapu katika hatua ya kwanza ya asubuhi, akaaga mashindano. Sébastien Ogier akachukua ushindi kwa Toyota. Mfikishe mzee Kedong, Naivasha, aingize mkono kwenye lile vumbi. Ni laini kama unga wa muhogo, na chini yake kuna mawe ambayo dereva hayaoni mpaka tairi limeshayagonga.