Kusokota Nondo ya Mraba kwa Mkono: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali yaliyonifikia kuhusu kusokota vyuma vya mageti, grili na reli za ngazi yanafanana mengi, kwa hiyo nimeyachuja na kubakiza yale ambayo jibu lake laweza kumfaa fundi zaidi ya mmoja. Nimeyafupisha bila kuyabadili maana.

Fundi, nina nondo za mraba za milimita 12 na sina tanuri. Je, naweza kuzisokota zikiwa baridi, kwa nguvu za mikono tu?

Unaweza, na kwa unene huo ningekushauri usijisumbue na moto kabisa. Nguvu ya kusokotea haitegemei urefu wa nondo, kama wengi wanavyodhani. Inategemea unene wake, tena kwa ukali, kwa maana ukiongeza upande wa mraba maradufu, nguvu inayohitajika inaongezeka mara nane. Nondo ya chuma laini ya milimita 10 huanza kukubali kwenye niutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 50 hivi, ya milimita 12 kwenye 85, ya milimita 16 kwenye 200, na ya milimita 20 hukaribia 400. Ukiwa na spana yenye mikono miwili, kila mkono ukiwa na urefu wa sentimita 40 kutoka katikati, nondo yako ya milimita 12 itakudai msukumo wa kama kilo 11 kwa kila mkono ili ianze kugeuka, ilhali ile ya milimita 20 ingekudai karibu kilo 50, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini wahunzi hawakuuacha moto. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu chuma kinachosokotwa baridi hukakamaa kadiri unavyoendelea, na mzunguko wa tatu utakuwa mzito kuliko wa kwanza.

Sharti kubwa ni hiyo mikono miwili. Spana ya bomba yenye mkono mmoja husokota nondo na wakati huohuo kuisukuma ubavuni, na matokeo yake ni msokoto uliopinda kama mkia wa mbwa. Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 10 au zaidi, tengeneza katikati tundu la mraba ambalo nondo itaingia bila kuchezacheza, halafu chomelea mkono mmoja kila upande, yote miwili ikiwa na urefu sawa. Ikiwa una spana ya bomba tu, chomelea kipande cha bomba upande wa pili wa kichwa chake uwe mkono wa pili. Upande mwingine wa nondo ubanwe na jiliwa, au vaisi kama wengi wetu tunavyoiita, na meza iliyobeba jiliwa hilo iwe imefungwa sakafuni, kwa sababu meza isiyofungwa ndiyo itakayozunguka badala ya nondo.

Unapoanza, nyuzi chache za mwanzo utazihisi kama unavuta springi: ukiachia, spana inarudi ilikotoka. Endelea kidogo na utahisi nondo imeachia, na ukiitazama kwa karibu utaona magamba ya kijivu ya kiwandani yanapasuka kwenye kingo na kudondoka mezani kama maganda ya karanga zilizokaangwa. Mahali yanapodondoka ndipo msokoto unapofanyika, kwa hiyo yatazame, lakini uyatazame ukiwa umevaa miwani ya kazi, kwa kuwa baadhi yake huruka. Ukifika kwenye kipimo unachotaka, zidisha kidogo, maana nondo hurudi nyuma nyuzi kadhaa ukiiachia. Kiasi gani, utakijua kwa kujaribu kwenye kipande kimoja cha nondo hiyohiyo kabla ya kuanza kazi ya mteja.

Ninatumia moto wa makaa kwa nondo za milimita 16, lakini msokoto unatoka umebana katikati na kulegea pembeni. Kosa langu liko wapi?

Mikono yako haina kosa. Tatizo liko motoni. Chuma kinapopata joto hupoteza ugumu wake, lakini hakipotezi kwa mwendo ulionyooka. Katika nyuzi joto 500 za Selsiasi chuma laini bado kina zaidi ya robo tatu ya nguvu zake. Katika 600 kinabaki na karibu nusu. Katika 700 kama robo. Na katika 800 kinabaki na sehemu moja tu ya kumi hivi. Maana yake ni kwamba tofauti ya nyuzi 100 kati ya katikati na pembeni, ambayo macho hayaioni vizuri kwenye karakana yenye mwanga mkali, inatosha kuifanya sehemu moja iwe laini maradufu kuliko jirani yake, na msokoto wote utakimbilia huko. Nondo yenyewe haijui unataka usawa. Itageuka palipo dhaifu.

Dawa ya kwanza ni kuusambaza moto. Tanuri la makaa lina kiini chenye joto kali chenye upana wa kiganja au viwili, kwa hiyo nondo isiachwe imetulia humo, bali isogezwe mbele na nyuma na kugeuzwa upande baada ya upande hadi urefu wote unaotaka kuusokota uwe na rangi moja ya chungwa. Punguza mwanga wa karakana ili uione rangi hiyo. Ikiwa urefu huo ni mkubwa kuliko moto wako, fanya kazi kwa vipande, lakini kila kipande kipya kipate mizunguko ileile kwa urefu uleule, jambo linalohitaji kuweka alama za patasi ubavuni mwa nondo, kwa sababu chaki haivumilii moto.

Dawa ya pili ni maji. Weka karibu kopo lenye mdomo mwembamba, na uanze kusokota polepole. Mara utakapoona sehemu fulani inatangulia, simama, mwagia hapo maji kidogo hadi rangi ipoe, kisha endelea: sehemu iliyopoa itakataa, na zile zilizobaki nyuma zitaifikia. Hii ni kazi ya watu wawili hadi utakapoizoea, mmoja akishika spana na mwingine akishika kopo, na ni heri mwenye kopo awe ndiye mwenye jicho kali. Nondo za chuma laini hazidhuriki na maji hayo, lakini usijaribu hivyo kwa chuma chenye kaboni nyingi, kama springi za magari, kwani hicho hugeuka kigumu na kuvunjika kama kigae.

Jambo moja zaidi, ambalo huwashangaza wanafunzi wangu: usisokote nondo iliyopata joto nusunusu. Kati ya nyuzi 200 na 350 hivi, pale ambapo chuma kilichosafishwa huonyesha rangi ya manjano hadi bluu, chuma laini huwa kigumu zaidi na chepesi kupasuka kuliko kikiwa baridi kabisa. Ama kiwe baridi, ama kiwe chungwa.

Kila nikimaliza, nondo inakuwa imepinda. Je, ni lazima iwe hivyo?

Si lazima. Tafuta bomba ambalo nafasi yake ya ndani imezidi kidogo tu mshazari wa nondo, yaani umbali kutoka kona hadi kona ya pili, kisha livishe kwenye sehemu unayosokota. Mshazari wa nondo ya milimita 10 ni milimita 14.1, wa milimita 12 ni 17, na wa milimita 16 ni 22.6. Bomba liwe fupi kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya jiliwa na spana. Nondo ikijaribu kupinda itagusa ukuta wa bomba na kurudi. Njia hii inafaa kwa kazi ya baridi. Kwa kazi ya moto bomba litakuzuia kuona rangi. Ile iliyokwisha kupinda inyooshe juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, ukiigeuza kila baada ya pigo, kwa sababu nyundo ya chuma hupondaponda kingo ambazo ndizo uzuri wenyewe wa msokoto.

Reli zangu hazifanani: nyingine ncha zake zimekaa upande, na nyingine ni fupi. Nifanye nini?

Hesabu kwa robo za mzunguko. Nondo ya mraba ina nyuso nne, kwa hiyo ncha zake zitalingana tu ikiwa umeisokota kwa idadi kamili ya robo: 8, 9, 12, upendavyo, lakini si 12 na kitu. Robo 12 ndani ya sentimita 40 ni mizunguko mitatu, na kwa nondo ya milimita 12 huo ni msokoto wa wastani unaopendeza. Chora mstari mweupe kwenye uso mmoja wa spana, na uhesabu kwa sauti. Anayehesabu kimyakimya hupotea mara tu mtu anapomsalimu. Umbali kati ya jiliwa na spana nao usibadilike hata kwa nusu sentimita kutoka nondo moja hadi nyingine, jambo ambalo kipande cha bomba nilichokieleza hapo juu kinaweza kukusaidia, kwani huwa kipimo pia.

Kuhusu ufupi, hilo nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilizikata nondo kumi na mbili za reli ya ngazi kwa kipimo cha mwisho, nikazisokota kwa furaha, kisha nikakuta hazifiki kwenye fremu. Nilijaza pengo kwa kuchomelea. Mwenye nyumba hakuona kitu, lakini mimi kila nilipopita pale niliziona zile uvimbe kumi na mbili. Msokoto kwa kawaida hula urefu kidogo, na hula zaidi ukibana zaidi, kwa hiyo acha ziada, sokota, ndipo ukate.

Wengine wananiuliza pia kuhusu kupanga misokoto ya kulia na ya kushoto ili geti lipate ulinganifu. Fahamu kwamba kuipindua nondo juu chini hakubadilishi upande wa msokoto wake, ukikosea, umekosea. Ukisimama penye spana ukiangalia jiliwa na kuizungusha kufuata mshale wa saa, utapata msokoto ulio kinyume na skrubu ya kawaida. Ziandike nondo kwa chaki kabla ya kuanza, nusu kwa nusu.

Je, nondo ya duara inasokoteka?

Inasokoteka, ila hutaona kitu, kwa sababu haina kingo za kuonyesha mzunguko. Tumia ya mraba au chuma bapa. Kwa bapa, hesabu kwa nusu za mzunguko badala ya robo, kwa kuwa nyuso zake pana ni mbili tu.

Mteja wangu anadai kwamba nondo iliyosokotwa imedhoofika na wezi wataikata kwa urahisi. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba kusokota baridi hukaza chuma. Mhandisi Ernest Ransome alipata hataza nchini Marekani mwaka 1884 kwa ajili ya nondo za mraba zilizosokotwa baridi, akizitumia ndani ya zege kwa sababu msokoto uliifanya nondo ishikane na zege, na kuikaza kulipandisha kiwango cha nguvu kabla haijakubali kupinda. Daraja la Alvord Lake mjini San Francisco, lililojengwa mwaka 1889, lilitumia nondo za namna hiyo. Kinachopungua ni unyumbufu: nondo iliyokazwa hivyo huvunjika mapema zaidi ukijaribu kuikunja tena.

Hata hivyo kuna mpaka. Kwa nondo ya milimita 12, mzunguko mmoja katika kila milimita 100 huzivuta kingo kwa asilimia 13 hivi, na chuma laini hulivumilia hilo bila shida; ukibana hadi mzunguko mmoja katika milimita 50, mvuto huo unafika asilimia 46, na hapo kingo huanza kuonyesha nyufa nyembamba kama unywele. Ukitaka msokoto wa kubana kiasi hicho, washa moto. Ama kuhusu mwizi mwenye grenda, yeye hajali kama nondo imesokotwa au haijasokotwa.

Nina nondo zilizopakwa zinki. Naweza kuzitia motoni?

Hapana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, yaani karibu na joto lilelile unalolihitaji, na moshi wake mweupe husababisha homa na baridi kali saa chache baadaye. Zisokote baridi, ukijua kwamba zinki itapasuka kwenye kingo na itahitaji kupakwa upya.

Kile kikapu kinachowekwa katikati ya reli hutengenezwaje?

Kata vipande vinne vya nondo ya duara ya milimita 6, vyenye urefu wa sentimita 20 hivi, vifunge pamoja kwa waya, na uchomelee ncha zote mbili hadi ziwe kitu kimoja, kisha uunganishe na nondo ya mraba kila upande ili upate pa kushika. Tia motoni hadi rangi ya chungwa iliyo sawa, sokota mzunguko mmoja au mmoja na nusu hadi vipande vilaliane kama kamba, halafu urudishe motoni. Sasa rudisha msokoto kinyume taratibu, na wakati huohuo uisukume nondo kuelekea kwenye jiliwa. Vipande vitafunguka na kutuna nje, kimoja baada ya kingine, na kwa sekunde chache utaweza kuvirekebisha kwa ncha ya bisibisi ya zamani kabla rangi haijafifia. Kimoja kikigoma kutuna, ukilazimishe usilazimishe, hicho ndicho ulichokikata kifupi.