Mtoto alizaliwa mzima, mbona sasa moyo unaumwa?

SWALI: Daktari, mwanangu alinyonya vizuri tangu kuzaliwa. Alipotimiza miezi miwili akaanza kuachia titi na kulia kwa uchungu, jasho likimtiririka kipajini na midomo ikipauka. Nyumbani walisema ni mchango. Hospitali ya rufaa wamegundua kwamba mshipa mmoja wa moyo umeota pasipo pake tangu tumboni. Mbona haukuonekana mapema? Je, nilikula kitu kibaya nikiwa mjamzito? (Mama, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama. Hukukosea chochote, mishipa hii huundwa katika majuma ya mwanzo ya ujauzito, na hakuna chakula kinachojulikana kuipotosha.

Msuli wa moyo hulishwa na mishipa miwili ya koronari, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, yenye damu iliyojaa oksijeni. Kwa mwanao, naona wa kushoto umeanzia kwenye ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka mapafuni damu yenye oksijeni kidogo. Kasoro hii, iliyoelezwa mwaka 1933 na madaktari wa Marekani Bland, White na Garland, humpata takribani mtoto mmoja kati ya 300,000.

Mtoto anapozaliwa, shinikizo la damu kwenye mapafu bado ni kubwa, hivyo damu husukumwa kuingia katika mshipa huo, na msuli hupata angalau kidogo. Majuma yanayofuata shinikizo hushuka, kama inavyopaswa kwa kila mtoto, na hapo damu hugeuza njia: ile inayotoka mshipa wa kulia huvujia kwenye ateri ya mapafu badala ya kuulisha upande wa kushoto wa moyo. Kunyonya ni kazi nzito kwa mtoto mchanga, ndiyo maana uchungu humshika akiwa titini, naye hana namna ya kuusema ila kulia.

Tiba ni upasuaji wa kuuhamishia mshipa huo kwenye aota, na usipofanyika wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Ukifanyika mapema, msuli uliodhoofika kwa kukosa damu mara nyingi hurudisha nguvu kwa kiasi kinachotushangaza hata sisi madaktari. Ninasisitiza jambo moja kwa wenzangu: moyo wa mtoto uliotanuka usiitwe ugonjwa wa msuli kabla ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kuonyesha mishipa yote miwili inaanzia wapi.

Mama, ulizia leo rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, na akianza kuhema kwa shida mpeleke hospitali usiku huohuo.