Mangi, usichome hiyo sindano ya tatu! Uvimbe wa mbwa kusinyaa sio kupona

Iweke chini hiyo sindano. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye hiace ya Sakina, nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani, naandika hapa hapa nimebanwa na magunia, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Kwa ambao hamjaona swali lake: Mangi yuko Pasua, Moshi, ana mbwa dume wa miaka 6, katoka kiuvimbe pajani saizi ya punje ya maharage. Akaenda duka la dawa za mifugo akauziwa dawa achome mwenyewe. Kachoma mara mbili, uvimbe umesinyaa, sasa anauliza amalizie ya tatu au aache, upasuaji bei gani, kliniki ipi nzuri Moshi, na kama unaweza kumwambukiza jike aliyenaye nyumbani.

Hilo neno "umesinyaa" ndilo limenikaba. Na mimi niliwahi kulisema hivyo hivyo kwa furaha kabisa.

Mbwa wangu alikuwa anaitwa Bosi, mchanganyiko wa Boxer, nilipewa Njiro akiwa mdogo anaenea kwenye boksi la viatu. Mwaka 2019 nikaona kitu mguu wa nyuma, juu kidogo ya goti. Nikampiga picha nikaenda dukani. Yule chalii hakumgusa mbwa, hakumwona mbwa, aliangalia simu tu akasema "jipu hilo, au kupe kamng'ata vibaya", akanifungashia deksamethasoni na OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Deksa wote tunaijua, ukipita maduka ya mifugo ndiyo dawa ya kila kitu, ng'ombe kavimba deksa, mbuzi kachechemea deksa, mbwa kajikuna deksa. Siku ya 5 uvimbe unautafuta kwa kidole huupati. Nilirudi dukani kumshukuru, nikamwachia na hela ya soda.

Sasa sikiliza kwa nini ulisinyaa, kwa sababu hakuna aliyeniambia mpaka nilipokuwa nimeshachelewa. Deksa ni steroidi. Steroidi inatuliza uvimbe wa kawaida, ni kweli, lakini pia kuna saratani za mbwa zinazonywea zikiguswa na steroidi, hasa uvimbe wa seli za masti (seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi, ndizo zinazoleta mzio) na ile saratani ya mitoki inaitwa limfoma. Zinanywea kwa muda. Hazifi zote, zinazobaki zinarudi, na zinarudi zikiwa zimeshaizoea dawa. Kwa limfoma ndio mbaya zaidi, mbwa aliyetangulizwa steroidi, dawa zenyewe za saratani zikija hazimfanyii kazi kama ambavyo zingemfanyia. Na daktari akija kupima anakuta seli zimevurugika, au zimepungua kiasi kwamba jibu halieleweki. Yaani yule chalii hakukosea dawa tu, alifuta ushahidi. Na akanichaji.

Wiki ya 4 uvimbe ukarudi saizi ya limau. Nikarudi dukani, dozi nyingine, ukanywea, nikashangilia tena. Tulizunguka hivyo miezi 4. Miezi 4 jamani! Katikati hapo kulikuwa na dalili ambazo mtu aliyesoma angeshtuka. Siku moja mwanangu alimuogesha akausugua ule uvimbe, saa mbili baadaye umetuna na ngozi pembeni imekuwa nyekundu kama kamwagiwa maji ya moto, kesho yake umetulia wenyewe. Seli za masti zimebeba histamini, ile kemikali ya mzio inayoleta wekundu na kuvimba, ukiziminya zinaimwaga. Kwa hiyo uvimbe unaopanda na kushuka, leo mkubwa kesho mdogo, sio dalili nzuri hata kama hujachoma kitu. Kisha Bosi akaanza kutapika na kunya kinyesi cheusi kama lami. Dukani wakanipa dawa ya minyoo! Kumbe histamini hiyo hiyo ikizidi mwilini inachochea asidi tumboni, tumbo linatoboka vidonda, linavuja damu, damu ikimeng'enywa inatoka nyeusi. Na deksa yenyewe nayo inaumiza tumbo. Nilikuwa namchoma mbwa wangu kidonda juu ya kidonda, kwa hela yangu, nikiwa nampenda.

Bado sijafika pale panaponiuma zaidi.

Nilipochoka nikaunganishwa na mtu wa kuukata. Alikuja nyumbani na kibegi, tukamlaza Bosi chini ya mparachichi, nusu kaputi, dakika 20 kamaliza. Kakata kwa kuuzungushia uvimbe wenyewe, kidonda kidogo kisafi, nyuzi 6, tukamsifia. Uvimbe ukawekwa kwenye jani la mgomba. Nikamuuliza, hii hatuipeleki kupimwa? Akanijibu "ya nini wakati tumeshautoa". Mtoto akautupa shimoni.

Ndugu zangu, hiyo sentensi naisikia mpaka leo. Uvimbe wa masti haukatwi kwa kuuzungushia. Una vijimizizi huvioni kwa macho, ndio maana madaktari wanakata na ngozi nzima ya pembeni sentimita 2 mpaka 3 kila upande, na kwenda chini tabaka zima moja zaidi. Mguuni ngozi yenyewe ni ya kubana, huna ya kuchezea, kwa hiyo lazima ujue ni kitu gani KABLA hujashika kisu, upange utafunika na nini. Na kilichotoka kinawekwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, fomalini iwe kama mara 10 ya hicho kinyama, kinapelekwa kwa mtaalamu anasema uvimbe ni mkali au mpole na kama kingo ni safi. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, kuna wasomi wa mambo haya, sio lazima upande ndege. Ule mkali na ule mpole ni magonjwa mawili tofauti kabisa, mpole ukitolewa wote mara nyingi mbwa anaendelea na maisha yake bila dawa nyingine yoyote. Wa Bosi ulikuwa upi ule wa kwanza? Uliozea shimoni na jani la mgomba.

Wiki ya 7 zikatoka nundu tatu zimefuata mshono kama shanga, na mtoki nyuma ya goti umekuwa kama pera. Hapo ndio nikapelekwa kwa daktari wa mifugo wa kweli. Mnajua alifanya nini? Alichukua sindano nyembamba, geji 22, hiyo hiyo ya kawaida, akaichomeka kwenye uvimbe akavuta, akapuliza kilichotoka juu ya kioo, akakausha, akapaka Giemsa, rangi ile ile wanayopakia damu ya malaria maabara zote hizi za mtaani. Hakuna nusu kaputi, Bosi alikuwa anakula dagaa mkononi mwangu. Akaniita niangalie kwenye hadubini, seli za duara zimejaa chembechembe za zambarau kama umemwaga ulezi. Akasema hata neno moja sijamuuliza, "hii ungeniletea ikiwa maharage".

Bosi alipewa prednisoloni, dawa ya asidi na Piriton, tukapata miezi mitatu ya kukaa naye vizuri. Na prednisoloni ni ndugu yake deksa, nasema hivi ili mtu asiniambie nachukia dawa. Dawa haina kosa, ila huyu wa pili alijua anaipiga nini. Yuko chini ya ule mparachichi sasa hivi.

Kwa hiyo Mangi shika hili tu, mengine yote yaache: uvimbe wa mbwa, SINDANO YA KWANZA IWE YA KUVUTA, SIO YA KUINGIZA. Kabla ya deksa, kabla ya OTC, kabla ya kisu, kabla ya ile majivu na vitunguu swaumu aliyokushauri jamaa mmoja kwenye majibu ya swali lako. Na mtu akiushika akakuambia "ni laini, unateleza chini ya ngozi, haya ni mafuta tu", mwambie avute. Mafuta yapo kweli, mbwa wazee wengi wanayo na hayawasumbui, lakini wa masti unaweza kuushika ukawa laini na unateleza vile vile, vidole haviwezi kutofautisha, vya mtu yeyote, hata awe daktari wa miaka 30. Kuna wakati sindano haileti seli za kutosha, hapo unakatwa kipande kidogo kinapimwa, bado ni kupima kwanza.

La kumwambukiza jike, wa pajani kwa kawaida hauambukizi. Unaoambukiza hasa ni ule wa sehemu za siri wanaopeana wakipandana, unakuwa kama koliflawa na unadondosha damu, watu wanadhani jike yuko kwenye joto. Huo una sindano zake za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki, kwenye mshipa, na daktari tu maana ikivuja nje ya mshipa nyama inaoza. Na huo nao unajulikana kwa kuvuta.

Kesho asubuhi mpeleke. Leo usiuminye, usiusugue, wafukuze watoto, upime kwa rula na uupige picha na hiyo rula pembeni. Mwambie daktari ukweli kwamba umeshachoma hiyo dawa ya dukani, tarehe gani na mililita ngapi, usione aibu, akijua ataamua avute sasa au asubiri dawa ipungue mwilini. Kama ulikuwa unampa na vidonge vya steroidi kila siku sema pia, hivyo havikatishwi ghafla. Na nenda na kichupa chenyewe asome mwenyewe jina, kama umeshakitupa kakitafute shimoni leo kabla hamjachoma taka.