Mkutano wa AA Nairobi: aanzie wapi?

Dada, umeuliza kaka yako apate wapi mkutano wa wanaoacha pombe hapa Nairobi, na kama kuna ada. Ada hakuna. Tafuta mikutano ya AA, yaani Alcoholics Anonymous; mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, lakini si ibada na hakuna atakayemuuliza dini yake. Sharti ni moja tu: awe anataka kuacha kunywa. Kama hujui ulio karibu, piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakuelekeze.

Ukitaka kumsindikiza, ulizia mkutano wa wazi, maana mingine ni ya waraibu wenyewe tu. Halazimiki kusema kitu. Mimi siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango, kikombe cha chai kikigongagonga kisahani kwa mikono kutetemeka. Mzee mmoja alinishikia tu, bila neno. Nikarudi wiki iliyofuata.

Ila hili tafadhali usilipuuze: kama anakunywa kila siku na asubuhi hatulii mpaka azimue, asikate pombe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na hata kufa. Apitie hospitali kwanza, daktari amsimamie siku hizo za mwanzo, mikutano iendelee sambamba.

Na wewe pia usibaki peke yako. Al-Anon ni ya ndugu na jamaa wa wanywaji, unaweza kwenda hata kaka akikataa.