Habarini, samahanini, mnisaidieni: tunapowaandikia watu wengi

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, na huwaandikia wanachama katika kundi letu la WhatsApp. Juzi niliandika: «Habarini za asubuhi wanakikundi. Samahanini kwa usumbufu, naomba mnisaidieni kutuma michango kabla ya Ijumaa.» Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akajibu papo hapo mbele ya wote kwamba nimekosea mara tatu, kwa kuwa -ni ni ya vitenzi tu. Je, ni kweli? Na nikimwandikia yeye peke yake, heshima inataka niseme «shikamooni»?

JIBU: Katika hayo matatu, mawili ni makosa, na la tatu linategemea unaandika wapi. Kanuni aliyoitaja mzee wako, hata hivyo, ni finyu kuliko lugha yenyewe, na pengine ingefaa zaidi kama angekuandikia faraghani.

Kiambishi -ni tunachokizungumzia, ambacho tusikichanganye na kile cha mahali katika «nyumbani» na «shambani», huonyesha kwamba wanaosemeshwa ni zaidi ya mmoja. Makao yake makuu ni kitenzi cha amri, ambapo irabu a ya mwisho hugeuka e, kama «tuma» inavyokuwa «tumeni», ilhali vitenzi vinavyoishia kwa irabu nyingine havibadiliki: «jibuni», «sameheni». Lakini -ni haikuishia kwenye vitenzi. Waswahili wameipachika pia kwenye maneno ambayo mtu humtamkia mwenzake ana kwa ana, ndiyo maana tunasema «asanteni», «poleni» na «kwaherini», na hakuna mhariri makini atakayeyakata. «Hongera» nayo hufuata mkondo wa vitenzi, hivyo ni «hongereni», wala si «hongerani» inayoonekana kila msimu wa matokeo ya mitihani.

«Samahanini» haifai kwa sababu nyingine kabisa. Neno «samahani» lina asili ya Kiarabu, na -ni yake ya mwisho humrejelea anayeomba, yaani mimi, kana kwamba amesema «nisamehe». Kuiongezea -ni ya wingi ni kuweka viambishi viwili vinavyofanana sauti na kutofautiana kazi, na sikio hukwama. «Samahani» inatosha kwa mmoja na kwa mia. Ukitaka wingi usikike, unazo «nisameheni» na «mniwie radhi», na hiyo ya pili ndiyo ninayoipendelea katika maandishi ya katibu.

«Mnisaidieni» ndiyo yenye mengi ya kujifunza. Kitenzi hiki kina m- ya mwanzo, ambayo imekwisha kutaja kwamba wanaoombwa ni wengi. Kuweka -ni mwishoni ni kuwahesabu watu wale wale mara mbili. Kwa hiyo andika ama «nisaidieni», ambayo ni amri, ama «naomba mnisaidie», ambayo ni ombi na ndiyo inayoendana na adabu ya Kiswahili, lugha ambayo mnunuzi dukani husema «naomba chumvi» bila kuhitaji «tafadhali». Uangalifu huu una faida nyingine: m- ikikaa pamoja na -ni, msomaji mara nyingi huisoma m- kuwa ni ya mtendwa. «Mtumeni mtoto dukani» ni sentensi sahihi inayowaambia watu wengi wamtume mtoto mmoja. Sasa katibu anayeandika «mtumeni michango» amewaacha wanachama wake wakijiuliza ni nani huyo anayetumwa.

Hapo msomaji anaweza kuuliza mbona tunasema «twendeni». Tofauti ni kwamba tu- hujumlisha msemaji na wasikilizaji bila kueleza kama msikilizaji ni mmoja au ni umati. «Twende» yaweza kuwa mimi na wewe. «Twendeni» ni mimi nanyi nyote. Kiambishi kimeleta habari mpya, kwa hiyo kina haki ya kuwapo. Vivyo hivyo «nawakumbusha», ambayo peke yake haionyeshi kama wanaokumbushwa ni ninyi au ni wao wasiokuwapo, hupata uwazi ikiwa «nawakumbusheni». Watu wa Unguja watasema «nakukumbusheni», na hilo nalo ni Kiswahili safi. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Chagua umbo moja, usiyachanganye katika ujumbe mmoja.

Tukija kwenye «habarini», sitamfuata mzee hadi mwisho. Ni kweli kwamba «habari» ni nomino, na nomino huonyesha wenyewe kwa kimilikishi: «habari zenu». Ni kweli pia kwamba «habarini» yaweza kusomeka kama «katika habari». Hata hivyo salamu hii imeenea mno katika mazungumzo, nami siwezi kuiita kosa baina ya majirani wanaoandikiana kwa simu. Ninachokikataa ni «habarini za asubuhi», ambapo -ni imechomekwa katikati ya nomino na maelezo yake. Andika «habari zenu za asubuhi». Wanaofungua kwa «asalamu aleikum» hawana tatizo hili, maana -kum ya Kiarabu ni ya wingi tayari, hata anaposalimiwa mtu mmoja.

Ujumbe wako basi ungesomeka hivi: «Habari zenu za asubuhi, wanakikundi. Mniwie radhi kwa usumbufu. Naomba mnisaidie kutuma michango kabla ya Ijumaa.»

Kuhusu mzee mwenyewe, andika «shikamoo, mwalimu». Kiswahili sanifu hakina desturi ya kumsemesha mkubwa mmoja kwa wingi ili kumheshimu, tofauti na Chichewa, ambacho wasemaji wake hufanya hivyo. Heshima yetu hubebwa na «shikamoo» yenyewe na jina la cheo au la ukoo linalofuata. «Shikamooni» iache kwa kundi la wakubwa, na kwa kuwa kikundi chako bila shaka kina watu wa rika mbalimbali, ambao baadhi yao ni wadogo kwako na hawastahili kuamkiwa nawe, tumia ile njia ya siku zote: «wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo».